Diski Mbili, Namba Moja

Kisangani, Jumapili mchana

Kahindo,

Umekwenda Mangobo kuaga, na najua hutarudi kabla jua halijapoa, maana kila nyumba itakukalisha, ikupe sahani ya sombe, kisha ikulaumu kwa nini unaondoka. Kwa hiyo nina mchana mzima, meza, na nyumba iliyonyamaza. Nimezoea kuandika huku watu wakinigombeza dirishani. Leo hakuna hata wa kunigombeza.

Barua hii nitampa Papa Asani, ambaye mtasafiri naye kesho pamoja na wenzake wa baiskeli za chumvi, na nitamwomba akupe jioni ya kwanza njiani, mkishatua mizigo. Utajiuliza kwa nini sikukuambia kwa mdomo, mimi ambaye mdomo wangu umetuletea askari mlangoni mara mbili. Ni kwa sababu ya mdomo huo huo. Nikikuambia uso kwa uso utaniuliza maswali, nami nitajitetea, na unajua nikianza kujitetea huwa nashinda. Hili sitaki kulishinda.

Ya kuchemsha maji, ya chandarua, ya kunyamaza kwenye vizuizi vya askari, umeshaambiwa na mtaa mzima, wengine wamekuambia mara mbili. Sitayaongeza. Ninayo moja tu ya kukuambia, nayo inamhusu Tonton Ramazani, aliyekuwa mjomba wako bila damu. Usome hadi mwisho kabla hamjafika Banalia.

Unakwenda Buta kutunza mashine za hospitali. Kazi hiyo nimekufundisha mimi, katika chumba chetu cha kumbukumbu pale Makiso, na unaifanya vizuri kuliko mimi kwa sababu una subira. Lakini ulikuja kufanya kazi nasi baada ya Ramazani kuondoka. Hukuwapo mwanzoni, na hadithi ya mwanzo umeisikia kwangu peke yangu. Sasa isikie upya.

Chumba kile tulikianzisha walimu na mawakili wachache baada ya yale majeshi mawili ya kigeni kuja kupigana katika mitaa yetu, kana kwamba kwao hakuna viwanja. Yalipokwisha kupigana, kila upande ukatoa tangazo la kusifu nidhamu ya askari wake. Mimi nilikuwa nimelala siku zile chini ya kitanda na wewe kifuani, msichana mzima, kwa hiyo nidhamu hiyo niliisikia vizuri ikipita juu ya bati. Tukasema: watu waje waseme walichokiona. Nyumba ya nani, mtoto wa nani, alikuwa amevaa nini, walimchukua upande gani. Mtu anasema, sisi tunaandika. Anarudi, tunamsomea, anasahihisha. “Hapana, haikuwa shati nyekundu, ilikuwa ya dada yake, ya manjano.” Toleo la kwanza tuliliita rasimu. Lile lililosomwa na kusahihishwa na mwenyewe ndilo tuliloliita ushuhuda. Yote mawili yalipewa jina moja la faili, yaani tarakimu ya mtu huyo katika rejista, ila yalikaa katika folda mbalimbali.

Kompyuta zilikuwa nne katika vyumba viwili, na ndani ya kabati la chini ya ngazi, kando ya betri za gari, ilikaa seva. Mafaili yote yaliishi kwenye seva. Kompyuta za vyumbani zilikuwa zinaomba tu: nipe hili, niandikie lile, nifutie lile. Hayo unayajua. Usilolijua ni namna tulivyofika kwenye namba.

Aliyetuwekea seva ile ni Fundi Bahati, mtu wa Bukavu, aliyekaa nasi majuma matatu kisha akapata ndege ya kurudi kwao. Shida yetu ilikuwa umeme. Umeme ukikatika na kurudi, diski zilikuwa zinaamka kwa mpangilio mwingine, iliyokuwa ya kwanza jana leo ni ya pili. Kompyuta za vyumbani hazikuambiwa. Ziliendelea kuomba kwa kumbukumbu ya jana, na seva ikajibu kwamba faili hilo halijui. Watu wakadhani kazi yao imepotea, wakalia. Bahati akanifundisha kuipa kila diski namba yake kwa mkono, kwenye ile orodha ya seva, ili hata ikiamka ya mwisho ijulikane kwa namba ile ile. Akaniambia, na ninamsikia mpaka leo:

“Mama, ile ordinateri ya kule chumbani haijue jina ya diski. Jina ni yetu sisi watu. Yeye anajua numéro tu. Ukipatia diski mbili numéro moya, seva itachagua yenye inataka, na haitakuambia. Itakujibu tu vizuri, na adabu. Donc, ukipata diski mupya, numéro mupya. Hata ile ya zamani ikikufa, usirudishe numéro yake.”

Niliandika maneno hayo kwenye daftari, nikayapigia mstari chini. Kumbe kuyapigia maneno mstari na kuyatii ni mambo mawili.

Ramazani unamkumbuka. Alitoka Kindu, Maniema, yeye na Mama Zaina wake, akaja kuomba kazi nasi akiwa na cheti kilicholowa maji na kukaushwa juani. Aliandika kwa vidole viwili upesi kuliko sisi kwa vidole kumi. Ndiye aliyekufundisha aljebra kwa karanga, na ukikosea alikuwa anaila karanga yenyewe, na wewe unalalamika kwamba amekula jibu. Katika chumba kile ndiye pekee aliyenipinga akicheka. Nikianza kuunguruma juu ya jambo lolote, alinyoosha miguu chini ya meza akasema:

“Mama Kahindo, weye hata mvua ikinyesha utaandikia Mungu tract.”

Na mimi namjibu: “Wacha inyeshe, halafu mtaona.” Tunacheka wote. Nilikuwa ninatoa hizo tract, vile vikaratasi vyangu vya ukurasa mmoja, kila mwezi, vinapita mkono kwa mkono sokoni, na watu walikuwa wanaviogopa. Nilipenda waviogope. Yeye alikuwa anavisoma, anasahihisha Kifaransa changu kwa penseli, kisha anasema, “Iko muzuri. Lakini huyu wa pale katikati ya ukurasa umemuonea.” Mara nyingi nilimtoa yule wa katikati.

Sasa siku yenyewe. Tulipata diski ya pili ya mafaili, kubwa, ili shuhuda zikae peke yazo na rasimu zibaki kwenye ya zamani. Siku hiyo hiyo nilikuwa na kikaratasi kichwani, dhidi ya wale maprofesa waliokubali kwenda kula meza moja na wavamizi. Sentensi ya kwanza ilikuwa nzuri, niliogopa isinitoroke. Nikafungua orodha ya seva, nikanakili mstari wa diski ya zamani, nikabadilisha jina la folda, nikafunga. Namba sikuigusa. Namba moja ilikuwa ya diski ya kuiendesha seva yenyewe; ile ya zamani ya mafaili ilikuwa namba mbili, na mpya nayo ikawa namba mbili. Ilinichukua muda mfupi kuliko kuvaa viatu.

Nikazihamishia shuhuda zote kwenye diski mpya, za kwenye ile ya zamani nikazifuta, na nikaangalia. Nakuapia niliangalia. Lakini niliangalia nikiwa nimeinama ndani ya kabati, kwenye seva yenyewe, ambako hakuna anayeuliza kwa namba. Pale kila kitu kilikuwa mahali pake. Kesho yake nikamwambia Ramazani: “Rasimu za zamani hatuzihitaji tena, futa folda nzima, tupate nafasi.” Akakaa kwenye kompyuta yake chumba cha pili. Akafungua folda iliyoandikwa rasimu, akaona majina anayoyajua, tarakimu zile zile za rejista, akafuta. Kompyuta yake iliomba namba mbili. Seva ilikuwa na diski mbili zenye namba hiyo, ikachagua mpya. Ikamjibu vizuri, na adabu.

Jioni nikafungua kabati. Rasimu zilikuwapo zote. Shuhuda hazikuwapo. Kazi ya karibu mwaka mzima, kila shati lililosahihishwa kutoka nyekundu kuwa manjano, haikuwapo.

Nikamwita.

“Ramazani, umefuta nini?”

“Rasimu. Si weye ulinituma?”

“Rasimu zipo. Njoo uone.”

Akainama, akatazama. “Haiwezekane, Mama Kahindo. Mie nilifuta ya ndani ya rasimu. Nilisoma na macho yangu.”

“Na hayo macho yako, nani ameyalipa?”

Akacheka. Alicheka kwa sababu alidhani natania kama siku zote. Kicheko hicho, Kahindo, nilikiweka katika kikaratasi kama ushahidi. Nikaandika kwamba alipoulizwa juu ya waliokufa alicheka.

Alipoona sicheki, akasema polepole, kama mtu anayezungumza na mbwa wa jirani: “Bon. Tukae. Tuangalie ile mashine pamoja, tangu mwanzo. Usiniulize mie, uliza mashine.” Lilikuwa jambo la nusu saa. Tungekaa nusu saa, angeiona ile namba, maana alikuwa na macho ya kuona koma iliyokosekana. Mimi nikamwambia atoke.

Ninataka uelewe nilivyofikiri, si ili unisamehe, ila kwa sababu una damu yangu na siku moja utafikiri hivyo. Mtu asiyekuwa na nia mbaya, nikajiambia, angefuta ovyo ovyo. Huyu ameacha takataka akafuta lulu. Wavamizi walikuwa wanazitaka shuhuda zile zipotee, zimepotea, na aliyezipoteza yuko mbele yangu. Nimesoma vitabu vingi, unajua, na vyote vilinifundisha kwamba katika mji uliokaliwa na majeshi hakuna kinachotokea chenyewe. Barabarani ni kweli. Ndani ya kabati si kweli. Mimi niliisoma mashine kama ninavyoisoma serikali, nikamtafuta mwenye nia. Kusoma sana kulinisaidia kukosea kwa ufasaha.

Nikaja nyumbani nikaandika. Na aliyekipiga chapa ni wewe. Ulikuwa na miaka kumi na saba, umekaa pale pale nilipokaa sasa. Ulifika kwenye neno “msaliti” ukasimamisha vidole.

“Mama, uko sûr, una hakika?”

“Piga.”

“Lakini Tonton alisema…”

“Huyo si tonton wako. Piga.”

Ukapiga. Kwa hiyo andika hili moyoni: wewe uliuliza. Katika nyumba nzima, katika ofisi nzima, katika mji mzima uliosoma karatasi ile, aliyeuliza alikuwa msichana mmoja, na mama yake akamnyamazisha. Sehemu yako katika jambo hili ndiyo hiyo. Ukitafuta nyingine utakuwa unaiba mali yangu.

Yaliyofuata uliyaona. Mawe juu ya bati la Ramazani. Mama Zaina kunyang’anywa beseni bombani na wanawake waliokuwa wakisuka naye juma lililotangulia, na kuambiwa aende akateke maji kwa wazungu weusi wake, yaani wavamizi. Halafu wakaondoka kuelekea Banalia, kitanda kimefungwa juu ya baiskeli, Ramazani anasukuma. Alipita hapa mlangoni. Wewe ulikuwa umesimama kizingitini. Akakusalimu kana kwamba hakuna kitu: “Kahindo, shule inaendeleaje?” Ukamgeuzia mgongo ukaingia ndani. Mimi nilikuwa dirishani, na niliona fahari. Nilijiambia, tazama, binti yangu ana msimamo.

Haikupita miezi miwili tukapata diski ya tatu. Nikafungua orodha ili niiandikie mstari wake, na nikaiona. Mbili. Na chini yake, mbili.

Sikutaka kuamini, nikafanya jaribio. Nilikwenda kwenye kompyuta ya Ramazani, ambayo hakuna aliyetaka kuikalia, nikafungua folda ya rasimu, nikaunda ndani yake faili tupu. Nikarudi kwenye kabati kuangalia limezaliwa wapi. Lilikuwa limekaa kwenye diski mpya, katika folda ya shuhuda, mahali ambapo sikuwa nimelituma. Nikalifuta. Nikaunda jingine. Likazaliwa pale pale. Nadhani nilifanya hivyo mara kumi. Nilikuwa bado natafuta kumtia hatiani mtu aliyekwisha kuondoka.

Kisha nikafanya kitu ambacho ni kibaya kuliko kikaratasi, na ndicho kinachonifanya niandike leo. Niliibadilisha ile mbili ya pili kuwa tatu, nikaipa ile diski ngeni namba nne, nikazitenganisha kompyuta zote na seva na kuziunganisha upya, moja moja, kama Bahati alivyonifundisha. Kila kitu kikafanya kazi vizuri sana. Kosa lilikuwa la tarakimu moja, na sasa halikuwapo popote duniani isipokuwa kichwani mwangu.

Usidhani sikuwa na sababu. Mimi sikosi sababu. Nilijiambia: nikikiri kwamba tumezipoteza shuhuda kwa mikono yetu, wale wenye bunduki watasema kumbukumbu zetu zote ni za uongo, na wajane waliokuja kusema majina watakuwa wamesema bure. Nikajiambia heshima ya mtu mmoja wa Kindu haiwezi kupimwa na heshima ya wafu wa mji. Ni hoja nzuri. Nimewahi kuisikia ikisemwa na wakubwa wa kila jeshi lililopita hapa, nami nimewatukana kwa sababu yake. Nilikuwa nimeandika, unakumbuka, juu ya watu wanaozika maiti porini kisha wanapanda mahindi juu. Basi nami nilipanda mahindi. Yakaota. Shuhuda tulizichukua upya, wale tuliowapata. Wengine walikuwa wamekwisha kuhama, na wengine walikataa kusema mara ya pili. Yule mama wa shati la manjano alikataa. Alisema: “Nilishawapatia. Muliweka wapi?”

Tangu hapo nimekaa peke yangu, Kahindo, ingawa umekuwa ukilala chumba cha pili. Baba yako yuko Kinshasa tangu juma la kwanza la vita hii, ng’ambo ya mto uliofungwa, na anachojua juu yetu ni salamu tatu zilizopita kwa mapadre. Ofisini, nikiingia, mazungumzo yanabadilika. Walijifunza kutoka kwa Ramazani kwamba mtu anaweza kucheka vibaya mbele yangu. Wananiita mama, wananipa kiti, wananikubalia kila neno. Nimewaandikia mambo ya kijinga makusudi nione nani atanipinga. Wakasema ni vizuri sana. Hakuna aliyechukua penseli.

Na bado ningenyamaza. Sitakudanganya kwamba dhamiri ilinishinda. Wewe ndiwe uliyenishinda, mezani, siku ile ulipoambiwa kwamba njia ya Buta inavuka mto Aruwimi pale Banalia, na dada wa jirani akakukumbusha nani anaishi pale siku hizi, anatengeneza baiskeli karibu na kivuko. Ulisema, huku unakata kwanga ya muhogo: “Nikimukuta, nitatema mate chini mbele yake.” Ulisema bila hasira, kama mtu anayesema atanunua sabuni. Ilikuwa sauti yangu. Hata mkono uliokata ulikuwa mkono wangu. Nikaona kwamba nimekupa urithi, na kwamba utaubeba hadi Buta na kuutumia kwa watu nisiowajua.

Kesho yake nikaandika barua kwa Ramazani. Nilimweleza namba, mstari, diski, kila kitu, maana yeye ni mtu wa kutaka kuelewa kabla ya kukasirika. Nilimwambia pia kwamba nilijua tangu miezi miwili baada ya yeye kuondoka. Hilo lilikuwa gumu kuliko mengine. Nikampa Papa Asani.

Kisha nikaandika kikaratasi cha kubandikwa hapa mjini. Rasimu ya kwanza ilikuwa na kurasa mbili, na katika kurasa hizo mbili mkosaji alikuwa vita, umeme, uchovu, na ukoloni kidogo. Nikaichana. Sasa kina mistari sita. Kinasema alichofanya Ramazani, yaani alichotumwa, na nilichofanya mimi, mara mbili. Jina langu liko chini. Kitabandikwa kesho asubuhi ukishaondoka, sokoni, kwenye mlango wa ofisi, na pale bombani alipokuwa anateka Mama Zaina. Nilitaka kukibandika mbele yako ili unione jasiri. Ndiyo maana nimengoja uondoke.

Sijui mji utasema nini. Maadui zangu watafurahi, na wana haki. Pengine sitaaminiwa tena kwa neno lolote, hata la kweli, na kuna mambo mengi ya kweli ambayo bado yanahitaji kusemwa juu ya wenye bunduki hawa. Mtu mwingine atayasema. Wajane wakija kuniuliza kwa nini walisema mara mbili, nitawafungulia mlango.

Huko hospitalini utaikuta seva iliyopangwa na mtu usiyemjua. Kabla hujagusa kitu, keti uandike namba zote za diski kwenye daftari, na diski zilizokufa uziandike pia, ili namba zake zisipewe diski mpya. Usiangalie ndani ya kabati tu. Nenda ukakae kwenye kompyuta ya nesi, uunde faili moja tupu, kisha ukaangalie limezaliwa wapi. Kule ni dawa na damu za watu, si vikaratasi. Na siku faili litakapopotea, maana litapotea, na mbele yako atasimama mtu anayekuambia amefanya ulichomtuma, mpe kiti. Akicheka, mwache acheke. Angalieni pamoja. Sikuambii hivi kama mwenye hekima. Mimi nilikuwa na daftari, na mstari chini ya maneno, na rafiki.

Papa Asani alirudi jana, ulipokuwa kwa mshonaji. Alisimamisha baiskeli pale uani, akaanza kunieleza habari za matope.

“Ulimpa?” nikamuuliza.

“Nilimupatia.”

“Alisoma mbele yako?”

“Alisoma. Akakunja. Akafungula, akasoma tena.”

“Akasema nini?”

“Akaniuliza kama niko na mafuta ya mnyororo.”

“Papa Asani!”

“Bon, si niko nasema? Mama ya haraka weye.” Akafuta uso kwa kofia. “Akauliza mutoto atapita siku gani. Nikamwambia. Akasema: ‘Asilale kwa kivuko, kule iko askari, wanakunywa lotoko usiku. Alale kwetu. Mama Zaina atamutandikia.’”

“Kahindo alale kwao?”

“Ndiyo vile alisema. Na akauliza kama anapenda bado karanga.”

Nikangoja. Akaanza kufungua kamba za mzigo.

“Na mimi?”

“Weye nini?”

“Alisema nini juu yangu?”

Aliendelea na kamba kwa muda mrefu, Kahindo, ingawa fundo lilikuwa limekwisha kufunguka.

“Mama,” akasema, “juu yako hakusema.”

Basi mkifika Banalia, usiende kivukoni na wenzako. Papa Asani anaijua nyumba. Bisha hodi, ingia, keti watakapokukalisha, kula watakachokupa, na akikuuliza habari za shule, mjibu. Ukiwa na la kumwambia kwa upande wako, mwambie kwa maneno yako mwenyewe, nisiyokufundisha mimi. Ukiwa huna, osha vyombo na Mama Zaina.

Salamu zangu usimpelekee. Hakuziomba.

Mama yako